Ikilala chini, utaiinua? Ninavyochagua pikipiki ya safari ndefu

Kabla hujaangalia cc, kabla hujaangalia spidi, kabla hujaanza kulinganisha rangi na taa, jiulize kitu kimoja: hii pikipiki ikilala chini na mizigo yake yote, jua linazama na hakuna mtu karibu, naiinua mwenyewe? Kama jibu ni ndiyo, endelea kuichunguza. Kama jibu ni "sijui, labda", mi naona hapo ushajibiwa, hata kama roho inaitaka vipi.

Najua wengi hawapendi kuanzia huku. Mtu akianza kuota safari ya miezi, kuvuka nchi baada ya nchi, picha inayomjia ni ile pikipiki kubwa, masanduku ya alumini pembeni, tangi limevimba, imepaki juu ya mlima. Na ni pikipiki nzuri kweli, sizichukii hata kidogo, kwenye lami zinakwenda raha mustarehe. Lakini tuongee namba. BMW R 1250 GS ikiwa na mafuta ina kilo 249, ndugu yake ile Adventure yenye tangi la lita 30 ina kilo 268, na hapo hujaweka masanduku, hujaweka hema, maji, nguo, spana wala tyubu za akiba. Ukimaliza kufunga mizigo umekaribia kilo 300 au umezipita kabla hujakaa mwenyewe. Alafu unaenda nayo kwenye mchanga.

Unaona jamaa kwenye video anaipitisha kwenye tope kama hakuna kitu, unasema mbona rahisi. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Yule ameendesha miaka, pembeni kuna watu wa kamera ambao ikilala wanakuja kusaidia, na mara nyingi pikipiki yenyewe haina mzigo. Wewe utakuwa peke yako na nyumba yako yote iko nyuma ya kiti.

Ngoja nieleze kuinua kwenyewe kulivyo, maana watu wanaongelea uzito kama namba ya kwenye karatasi. Pikipiki imelalia kulia, unazima swichi, unaangalia petroli haimwagiki. Unatoa stendi sasa hivi, kabla ya kuinua, ili ikishasimama isipitilize ikaangukia upande wa pili. Unaweka giya ya kwanza ili tairi la nyuma lisitembee. Unakata usukani mpaka mwisho, unakipa kiti mgongo, unachuchumaa, mkono mmoja unashika usukani upande ule wa chini, mwingine unashika fremu au kishikio cha nyuma, alafu unaanza kurudi kinyumenyume kwa hatua ndogo ndogo, miguu ndo inasukuma, mgongo umenyooka. Kwenye ardhi ngumu hata pikipiki nzito inakubali. Kwenye tope buti zinateleza, unasukuma na wewe ndo unakwenda, yeye kalala pale pale. Mara ya kwanza unainua kwa hasira tu. Mara ya tatu mikono inatetemeka, unaanza kufungua kamba, unashusha mizigo yote, unainua, unafunga upya, nusu saa imekwenda na umesogea mita mia mbili. Na mtu akishachoka hivyo ndo anaanguka vibaya, mguu unabaki chini ya sanduku, hapo safari inaweza kuisha kabisa. Mi uzito nauhesabu kama suala la usalama kuliko hata breki, kwa sababu breki zinafanya kazi siku ukiwa mzima na akili imetulia, ila uzito unakuja kukudai siku umechoka.

Ndo maana natembea na silinda moja ya cc mia tatu hivi. Chukua mfano wa Honda CRF300L, kilo 142 na mafuta ndani, na ile Rally yenye kioo cha upepo na tangi la lita 12.8 ni kilo 153. Ni kama tofauti ya mtu mzima na nusu ukilinganisha na ile R 1250 GS. Hiyo unainua, unaigeuza kwenye njia nyembamba, ukifika mtoni unaweza kuisukuma kwa miguu injini ikiwa inasaidia, wakikwambia lazima ipande boti mnaibeba watu wanne na inapanda.

Sasa sitaki kumdanganya mtu. Kilomita mia tano za lami iliyonyooka, upepo unakuja usoni, lori linakupita na wewe ushafika mwisho wa akseleta, hiyo ni siku ndefu na hakuna namna ya kuipamba. Injini ndogo inalia kwa juu muda wote, kiti ni chembamba, ukitaka kuovateki inabidi upige hesabu mapema. Kama safari yako ni lami kwa asilimia tisini, na hasa kama mnakwenda wawili, basi sahau ninayoyasema kuhusu 300, nenda kwenye silinda mbili za cc 500 mpaka 700. Suzuki V-Strom 650 ipo tangu 2004, tangi kubwa, haina makeke, inatembea tu. Yamaha Ténéré 700 ilipotoka 2019 ilikuwa kilo 204, kwangu mimi hapo ndo mpaka, juu ya hapo nataka nione kwanza misuli ya mwendeshaji na ramani ya njia yake.

Alafu kuna watu wanasema pikipiki ndogo haiwezi dunia. Historia inakataa. Ted Simon alizunguka dunia 1973 mpaka 1977 na Triumph ya cc 500. Elspeth Beard miaka ya themanini mwanzoni alizunguka na BMW R60/6 iliyokuwa imeshatumika, ya cc 600. Lois Pryce alishuka kutoka Alaska mpaka Ushuaia kule chini kabisa ya Argentina na Yamaha XT225, yaani cc 225. Vijana wa Uingereza walizunguka dunia 1995 na 1996 na Suzuki DR350. Upande wa pili kuna Emilio Scotto wa Argentina, yeye alitumia Honda Gold Wing, dude zito la lami kabisa, kutoka 1985 mpaka 1995 akapiga kilomita 735,000. Kwa hiyo ukiniuliza ipi inaweza, zote zinaweza, hata Gold Wing imeweza. Ninachouliza mimi ni wewe unataka kuteseka wapi, kwenye lami au nje ya lami, kwa sababu pikipiki moja ya kukuepusha mateso yote mawili bado haijatengenezwa.

Na kitu kingine kinachonigusa kwenye hii habari ya uzito: hizi kubwa zenyewe hazikuanza hivi. BMW R 80 G/S ya 1980, ambayo wengi wanaihesabu kama mama wa pikipiki zote za aina hii, ilikuwa na kilo 186 hivi, cc 800 kasoro kidogo, na mwaka uliofuata Hubert Auriol akashinda nayo mashindano ya Paris-Dakar. Zimenenepa mwaka hadi mwaka kwa sababu wanunuzi tulitaka zaidi: nguvu zaidi, skrini, kiti cha moto, redieta, sensa kila kona. Kila kimoja ukikiangalia peke yake kina maana, ukivijumlisha unapata kitu ambacho mtu wa kawaida hakiinui.

Mafuta sasa. Hapa watu wanapenda kusema "nataka tangi kubwa" bila kupiga hesabu. Hesabu ni nyepesi: lita za tangi, gawanya kwa lita inazokula kwa kilomita 100, zidisha kwa 100, alafu toa moja ya tano kwa ajili ya upepo, mchanga na milima. Ténéré 700 ina lita 16, ikila lita 4.5 unapata kilomita 355, toa moja ya tano umebaki na 284. CRF300L ya kawaida ina lita 7.8 tu, ikila lita 3.2 ni 240 na kitu, salama useme 195. Sasa chukua njia ya Dalton kule Alaska, kutoka Coldfoot mpaka Deadhorse ni kilomita 386 hakuna sheli katikati. Hizo zote mbili hazifiki kwa hesabu ya salama. Kawasaki KLR650 yenye lita 23 inakaribia kufika bila kuongezwa kitu, na ndo sababu moja watu wa safari wanaipenda.

Lakini kabla hujakimbilia tangi la lita 30, fikiria hivi: vipande virefu vya namna hiyo kwenye safari nzima ni vichache. Tangi kubwa unalibeba kila siku, na limekaa juu, likiwa limejaa unasikia usukani unavyokuwa mzito. Dumu la lita tano unalijaza asubuhi ya siku unayolihitaji, jioni liko tupu limekunjwa au limefungwa nyuma halina uzito. Ninachotaka mi ni pikipiki yenye uwezo wa kilomita 250 mpaka 300 kwa tangi lake, zilizobaki nabeba kwenye dumu. Na dumu lifungwe chini na karibu na katikati ya pikipiki, mbali na bomba la moshi, usiliweke kwenye begi la mgongoni hata kama ni lita mbili.

Ubora wa mafuta nao ni kitu. Injini yenye mgandamizo mkubwa, yaani inayobana sana hewa na petroli kabla ya kuwaka, inataka oktani nzuri, ukiipa petroli hafifu inaanza kugonga, unasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo ukiwa unapanda mlima na giya kubwa. KLR650 ina mgandamizo wa 9.8 kwa 1, inakunywa chochote. Ténéré 700 ni 11.5 kwa 1, bado sio mbaya. Zile silinda moja za mashindano ziko juu zaidi na pia zinataka oili mpya kila baada ya masaa machache ya kuendesha, hizo ni tamu sana kwa wikiendi, kwa safari ya miezi utakuwa unamwaga oili kila unapogeuka. Kwa hiyo kwenye kitabu cha pikipiki tafuta vitu viwili, mgandamizo na umbali kati ya sevisi na sevisi, hasa wa kupima valvu. Ténéré 700 valvu zake zinapimwa kila kilomita 40,000, kuna safari nzima inaisha hujagusa.

Kabureta au injekta, yaani ile inayopimiwa petroli na kompyuta? Huu ubishi naupenda. Kabureta utaifungua kando ya barabara, utapuliza jeti, utafunga, utaondoka. Ila ipeleke juu, mfano Ak-Baital kwenye barabara ya Pamir kule Tajikistan, mita 4,655, hewa ni nyepesi, kabureta inaendelea kumwaga petroli ile ile, plagi inakuwa nyeusi, injini inakohoa. Injini yoyote isiyo na turbo inapoteza nguvu kama asilimia 10 kila mita 1,000, hilo halikwepeki, lakini injekta angalau inajipimia yenyewe. Mimi niko upande wa injekta, nabeba pampu ya mafuta ya akiba na filta yake, na kabla ya safari nafanya mazoezi ya kuibadilisha mpaka naweza kuifanya gizani na tochi mdomoni. Ninachokikwepa sio injekta, nakwepa pikipiki ambayo taa moja ikiwaka kwenye dashibodi inagoma kwenda mpaka ichomekwe kwenye kompyuta ya kampuni.

Hapo ndo naona thamani ya pikipiki zilizozeeka vizuri. Suzuki DR650SE imetengenezwa tangu 1996 karibu bila kubadilishwa, cc 644, inapozwa kwa hewa na oili, haina redieta ya kupasuka, kilo 166. Kitu kilichokaa sokoni miaka hiyo yote, udhaifu wake wote ushajulikana, na udhaifu unaojulikana haukushtui. Mfano KLR650 za zamani, kila mwenye nayo anajua kile kikono kidogo cha kukaza cheni ya balansa kinaweza kukatika ndani, kwa hiyo wanakibadilisha mapema na maisha yanaendelea. Pikipiki iliyotoka mwaka huu inawezekana ni bora kuliko zote, ila siri zake mtazigundua nyie mnaoinunua mwanzo.

Kitu ambacho hakiangaliwi kabisa ni fremu ya nyuma, ile inayobeba kiti na mizigo. Ndo inayokatika. Angalia ni chuma au alumini, angalia imefungwa kwa bolti au imechomelewa moja kwa moja na fremu kuu. Chuma kinachomelewa na fundi yeyote mwenye mashine, alumini inataka mashine na mkono wa aina yake. Na usome uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. R 1250 GS inaruhusiwa jumla ya kilo 465, toa 249 zake unabaki na 216 za watu na mizigo. Ndogo zinaruhusu chini ya hapo kwa mbali, kwa hiyo ukichagua ndogo umechagua pia kubeba kidogo, huwezi kuchukua kilo 150 za pikipiki ukaifungia masanduku ya alumini ambayo yenyewe tupu na vyuma vyake yanakaribia kilo 15. Mabegi laini yanatosha. Yakilaliwa hayapindi, na mguu wako ukibanwa chini ya begi la nguo ni tofauti kabisa na kubanwa na kona ya sanduku.

Matairi. Rimu ya mbele inchi 21 na nyuma 18, hapo utapata matairi ya kila aina ya njia mbaya, 19 na 17 zinakwenda vizuri zaidi kwenye lami. Spoki au rimu ya kumwaga, ile ya kipande kimoja? Spoki ikigonga jiwe inapinda, unaigonga inarudi, rimu ya kumwaga inaweza kupasuka. Ila spoki nyingi zinakuja na tyubu, na pancha ya tyubu ni kazi: uchomoe tairi, uvunje ukingo wake uachie rimu, na hapo ndo watu wanakwama, tairi limeng'ang'ania huku wewe unaruka juu yake na buti. Kama kuna pikipiki nyingine, laza tairi chini ya stendi yake ya pembeni, iegemeze kidogo kidogo, ukingo unaachia wenyewe. Tairi lisilo na tyubu unachomeka kile kipande cha mpira, unapuliza, umeondoka. Nimechagua tyubu nikijua kazi yake, na ninabeba tyubu ya inchi 21, kwa sababu ikibidi inaingia hata kwenye 18 ya nyuma mpaka ufike sehemu, wakati kinyume chake ni shida.

Cheni au shafti sitaki kupoteza muda: cheni ni nyepesi na unaibadilisha mwenyewe, shafti haitaki kupakwa oili kila jioni ila ikiharibika sio kazi ya kando ya barabara.

Kuhusu urefu wa kiti, wafupi wanakatishwa tamaa bure. Ténéré 700 ni milimita 875, Royal Enfield Himalayan ya kwanza ile ya 411 ni 800 tu, na hiyo imewapa watu wengi ujasiri wa kuanza, Noraly Schoenmaker alitoka nayo India mpaka Uholanzi. Lakini namba ya kiti haisemi yote, kiti chembamba cha juu kinaweza kukufaa kuliko kipana cha chini, na shokapu laini zinashuka ukikaa. Pia hulazimiki kukanyaga chini na miguu yote miwili, unateleza kidogo kwenye kiti unaweka mguu mmoja imara, basi. Usiwahi kushusha pikipiki kwa kubadilisha vyuma vya shokapu kabla hujajaribu hilo, maana ukishusha unapunguza nafasi kati ya injini na mawe.

Na kuna upande wa makaratasi ambao unaingia moja kwa moja kwenye uchaguzi. Nchi kadhaa zinataka ile hati ya kupitisha chombo forodhani, kaneti, na dhamana yake inapigwa kutokana na thamani ya pikipiki. Pikipiki ya bei mbaya inafungia hela nyingi mahali ambapo huwezi kuzigusa mpaka urudi. Halafu sio kila mahali kuna barabara, kati ya Panama na Colombia kuna kama kilomita 100 za Darién ambazo hazipitiki, lazima ndege au boti, na ndege wanaangalia ukubwa wa kreti pamoja na uzito. Hapo tena ndogo inashinda.

Ukishapata moja au mbili zilizobaki kwenye orodha yako, usinunue kwa kuzunguka nayo mtaani dakika kumi. Tafuta mwenye nayo, au kodi, funga mizigo halisi, ile ile utakayobeba, weka maji kwenye madumu kufikia uzito, endesha siku nzima, nusu lami nusu vumbi. Simama kwenye vikanyagio nusu saa uone kama usukani unakuinamisha. Jioni, ukiwa umechoka haswa, itafutie nyasi, ilaze taratibu upande mmoja, uinue, uilaze upande wa pili, uinue tena. Kama uko sawa, nunua, na hela ya kwanza baada ya hapo iende kwenye springi za shokapu zinazolingana na uzito wako na mizigo, ya pili kwenye bamba la chini la kulinda injini na vikinga mikono, taa za ziada zisubiri. Na kadi ya pikipiki hakikisha ina jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa sababu mpakani watazisoma zote mbili wameziweka pamoja.